Mabingwa Mbele ya Baraza la Shinyanga

Katika nchi ya Usukuma, kuanzia Shinyanga mjini hata Kahama, na kutoka Kahama mpaka machimbo ya dhahabu ya Geita, ipo hoja moja ya michezo ambayo vizazi vimerithishana bila ya kuimaliza, nayo ni hii: katika mabingwa wote wa kandanda waliotawazwa Tanzania tangu ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, ni yupi anayestahili kuitwa mkubwa kuliko wenziwe? Hoja hii haizungumzwi kwa pupa. Huanza jioni, jua linapopungua ukali, penye vibaraza vya mafundi cherehani na chini ya miti iliyo karibu na stendi ya mabasi, mbele ya ubao wa drafti ambao kete zake ni vizibo vya soda. Na aghalabu huendelea hata mwenye duka akafunga milango yake na kwenda zake, akawaacha wenye hoja gizani wakitoleana ushahidi.

Huenda mtu wa Dar es Salaam akauliza watu wa huku wana haki gani ya kukaa katika kiti cha hukumu, maana hakuna timu ya Shinyanga wala ya Geita iliyopata kutwaa ubingwa huo hata mara moja. Jawabu langu ni kwamba haki yao imetokana na upungufu huo huo, kwa kuwa kadhi asiye na fungu katika mirathi ndiye anayeweza kuigawa kwa insafu. Sisemi kwamba hawana mapenzi. Nyumba nyingi za huku zimegawanyika baina ya Simba na Yanga, baba upande huu na mwana upande ule, na wapo wasiosalimiana siku nzima kwa sababu ya bao moja. Walakini mapenzi hayo ni ya mbali, na umbali humpa mtu wasaa wa kupima.

Kwa miaka mingi mabingwa walijulikana huku kwa sikio tu. Radio Tanzania Dar es Salaam ilipotangaza mpira, watu wa mtaa mzima walikusanyika penye redio moja, ambayo betri zake zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kufika kipenga cha mwisho, na kila mmoja akauchora uwanja ndani ya kichwa chake kwa maneno ya mtangazaji. Ndivyo walivyoifahamu Sunderland, bingwa wa mwaka 1965 na 1966, ambayo mwaka 1971 ilibadili jina ikawa Simba. Ndivyo walivyoifahamu Cosmopolitans, iliyotawazwa mwaka 1967. Na ndivyo walivyosikia habari za Yanga, waliotwaa ubingwa miaka mitano mfululizo, tangu 1968 hata 1972, na ambao tarehe 1 Juni 1968 waliwafunga watani wao Sunderland mabao 5 kwa 0. Mwaka 1969 Yanga hao walifika robo fainali ya kombe la mabingwa wa Afrika, wakaenda sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, kisha wakatolewa kwa kura. Hata leo wapo wazee wa Shinyanga wanaosema kwamba timu iliyotolewa kwa kura haijashindwa, na mimi nakubaliana nao.

Ushahidi wa sikio, hata ukiwa wa kweli namna gani, haulingani na wa jicho. Na jicho la Usukuma lilipata haki yake Jumamosi tarehe 10 Agosti 1974, siku ambayo Simba na Yanga walikutana katika uwanja wa Nyamagana, mjini Mwanza, kuamua ni nani atakayekuwa bingwa wa Tanzania. Kwa mtu wa Shinyanga safari ya kwenda Mwanza haikuwa ngeni, maana njia ya reli inayotoka Tabora, iliyofika Mwanza mwaka 1928, inapita mlangoni mwake; na mwezi wa Agosti ni msimu wa kuuza pamba, wakati ambao mkulima huwa na chochote mfukoni. Basi ikawa kwamba mechi iliyo kubwa kuliko zote katika nchi, ambayo kwa kawaida huchezwa ufukweni mwa Bahari ya Hindi, ilichezwa karibu na maji ya Ziwa Victoria, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiisikia tu.

Nimemwona mzee mmoja akiwasimulia vijana mchezo ule kwa vizibo vya drafti. Alivipanga ubaoni bila ya kusitasita, vyekundu upande mmoja na vya rangi nyingine upande wa pili, akavisogeza kwa kidole cha shahada kama atakavyo, na kila alipofika mahali penye uzito aliinua kidole akanyamaza kidogo, ili wasikilizaji wawahi kumfuata. Adam Sabu wa Simba alifunga mapema katika kipindi cha kwanza, na tangu hapo Simba wakailinda mali yao muda mrefu, hata wapenzi wa Yanga wakaanza kuinuka na kuelekea milangoni. Zilipobaki dakika chache, Gibson Sembuli, ambaye mguu wake ulikuwa na shuti la kuogofya, akasawazisha. Mchezo ukaingia katika dakika za nyongeza. Na humo Sunday Manara, kiungo ambaye Watanzania walimpachika jina la Computer kwa wepesi wa akili yake, akafunga bao la pili, na Yanga wakatawazwa kwa mabao 2 kwa 1. Manara huyo baadaye alivuka kwenda Uholanzi kuichezea Heracles, akawa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kucheza kandanda ya malipo barani Ulaya.

Hapa ndipo ninapoweka hukumu yangu, nami naieleza wazi kabla ya kuitetea: bingwa mkubwa kuliko wote waliopata kutawazwa Tanzania ni Yanga ya mwaka 1974. Siiti kubwa kwa sababu ya wingi wa makombe yake, maana zipo zilizotwaa mengi zaidi, wala kwa sababu haikuguswa, maana iliguswa, tena ilikuwa dakika chache tu mbali na kushindwa. Naiita kubwa kwa sababu ya yule iliyemshinda. Simba ya mwaka ule ndiyo iliyotwaa kombe la kwanza la vilabu vya Afrika ya Mashariki na Kati. Ndiyo iliyoitoa Hearts of Oak ya Ghana katika kombe la mabingwa wa Afrika. Na ndiyo iliyofika nusu fainali ya kombe hilo, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti baada ya kila upande kushinda kwake bao 1 kwa 0. Yaani timu iliyoshindwa Nyamagana ilikuwa mojawapo ya timu nne bora za bara zima. Nionyesheni bingwa mwingine wa Tanzania aliyelazimika kumpita mtu wa kimo hicho nyumbani mwake ndipo avikwe taji. Mwezi wa Januari 1975 watani hao walikutana tena Unguja katika fainali ya Afrika ya Mashariki na Kati, na Yanga wakashinda kwa mabao 2 kwa 0, wafungaji wakiwa ni wale wale, Sembuli na Manara. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba Mwanza ilikuwa ni bahati.

Wapinzani wa hukumu hii ni wengi, na wenye nguvu kuliko wote ni wale wanaoleta Simba ya mwaka 1976 hata 1980, iliyotwaa ubingwa mara tano mfululizo, na ambayo tarehe 19 Julai 1977 iliwafunga Yanga mabao 6 kwa 0, matatu kati ya hayo yakiwa ya Abdallah Kibadeni. Hoja yao ni nzito, na anayeidharau hajui historia. Lakini mtu muadilifu ataangalia pia hali ya yule aliyefungwa. Baada ya mwaka 1975 nyumba ya Yanga ilipatwa na mfarakano mkubwa, wachezaji wake wengi wakaondoka, na katika mfarakano huo ikazaliwa Pan African, timu ambayo nayo ilikuja kutwaa ubingwa mwaka 1982. Simba walitawala, hapana shaka. Ila walitawala wakati mtani wao amevunjika mbavu, na utawala wa namna hiyo, ingawa una fahari yake, haumpimi mtawala mpaka mwisho wa nguvu zake.

Na bado ipo siku moja katika miaka ile mitano ambayo hunifanya niwaheshimu mno. Mwaka 1979, katika kombe la mabingwa wa Afrika, Simba walifungwa nyumbani Dar es Salaam mabao 4 kwa 0 na Mufulira Wanderers ya Zambia, na nchi nzima ikawafanyia matanga. Wakasafiri kwenda Zambia, wakashinda mabao 5 kwa 0, wakavuka. Mtu wa Shinyanga aliyesikiliza mchezo ule redioni hawezi kusimulia bila ya sauti yake kubadilika, na sijapata kusikia habari ya timu yetu nyingine iliyofanya jambo la ushujaa kama lile ugenini. Kwa ajili ya siku hiyo moja naiweka Simba ya 1979 katika nafasi ya pili, mbele ya Yanga wale wa miaka mitano ya zamani.

Wengine nitawapita upesi. Mseto ya Morogoro mwaka 1975 ilikuwa timu ya kwanza ya nje ya Dar es Salaam kutwaa ubingwa. Tukuyu Stars ya Rungwe ilitawazwa mwaka 1986 katika msimu ule ule iliopanda daraja. Coastal Union ya Tanga ikafuata mwaka 1988. Hao walifungua njia, na heshima yao ni ya wafungua njia. Lakini Mtibwa Sugar, bingwa wa mwaka 1999 na 2000, inastahili kutazamwa kwa muda na watu wa huku hasa, kwa sababu ni timu iliyotokana na shamba la miwa na kiwanda cha sukari, nayo ilithibitisha kwamba jamii ya wafanyakazi wanaokaa mahali pamoja na kula jasho moja inaweza kuwapiku wakubwa wa mjini si mara moja tu bali mara mbili mfululizo. Ikiwa sukari iliweza, almasi ya Mwadui na dhahabu ya Geita zilizuiliwa na nini?

Zilizuiliwa na desturi ya vipaji kuhama. Kanda ya Ziwa haikuwa maskini wa wachezaji. Pamba ya Mwanza, waliojiita TP Lindanda, iliingia katika kombe la washindi la Afrika mwaka 1990 na kuwafunga Anse Boileau ya Ushelisheli kwa jumla ya mabao 17 kwa 1. Na mtu aliyeiona Pamba ile hukueleza kwamba haikupungukiwa na chochote ila jina la bingwa. Lakini George Masatu, beki aliyekuzwa humo, alikuwa katika jezi ya Simba mwaka 1993, wakati Simba walipofika fainali ya Kombe la CAF, wakapata sare ya bila bao Abidjan dhidi ya Stella Club, kisha wakafungwa mabao 2 kwa 0 Dar es Salaam mbele ya umma uliokuwa umekwisha kujiandaa kusherehekea. Kwa hiyo mtu wa Mwanza au Shinyanga anapoihesabu Simba ya 1993 miongoni mwa timu kubwa, naye anahesabu humo kidogo kilicho chake.

Kisha mabingwa wakaanza kuja wenyewe. Stand United, timu iliyoanzishwa na watu wa stendi ya mabasi ya Shinyanga, na ambayo wapenzi wake huiita Chama la Wana, ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2014/15. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi uliogunduliwa na mtaalamu wa miamba kutoka Canada, John Williamson, mwaka 1940, ikaifuata msimu uliokuja, chini ya kocha Jamhuri Kihwelo. Ghafla mkoa uliozoea redio ukawa na timu mbili katika ligi, na uwanja wa Kambarage ukawa mahali pa kumpima bingwa kwa jicho. Aliyepata kukaa Kambarage siku hizo hawezi kusahau vumbi lililoinuka nje ya ukuta tangu saa nne asubuhi, baiskeli zilizotoka vijijini zimeegeshwa safu kwa safu, na wauza karanga na miwa wakipita kati ya magoti ya watu.

Mwezi wa Septemba 2016 Yanga, waliokuwa mabingwa watetezi na ambao msimu ule wakatwaa tena, walifungwa hapo na Stand bao 1 kwa 0, mfungaji akiwa Pastory Athanas. Siku ya mwisho ya msimu huo huo walifungwa tena Mwanza, na Mbao, bao 1 kwa 0. Mwezi wa Mei 2018 Simba, ambao msimu mzima walikuwa hawajapoteza mchezo, walikabidhiwa kombe na Rais John Magufuli, mwana wa Chato katika mkoa wa Geita, siku ambayo Kagera Sugar waliwafunga bao 1 kwa 0 katika Uwanja wa Taifa na kuwaharibia rekodi yao. Na mwezi wa Oktoba 2019 Mwadui wakawafunga Simba, mabingwa wa msimu uliopita na wa msimu uliokuwa unaendelea, bao 1 kwa 0 lililofungwa na Gerald Mdamu.

Wapo wanaotumia habari hizi kuwashusha mabingwa wa zama zetu, wakisema kwamba bingwa gani huyu anayefungwa na timu ya stendi. Nami naona wameishika hoja kwa upande wa makali. Bao la Stand na bao la Mwadui halimpunguzi bingwa. Linaonyesha kwamba alitwaa taji katika nchi ambayo kila uwanja una mwenyewe. Azam walitwaa ubingwa wa 2013/14 bila ya kupoteza mchezo hata mmoja, na Simba wa 2009/10 vivyo hivyo; nawapa hongera zao kamili, lakini msimu wao haukuwa na Stand wala Mwadui, na Kambarage haikuwamo katika ratiba yao.

Hatima ya timu hizi mbili inaniuma kuisimulia. Stand, waliopata udhamini wa kampuni ya madini ya Acacia, waliingia katika ugomvi wa ndani juu ya nani mwenye timu, udhamini ukaondoka, na mwaka 2019 wakashuka daraja. Mwadui wakashuka mwaka 2021. Geita Gold nao walikuwa na doa lao, kwa kuwa mwaka 2016 shirikisho liliwashusha daraja katika kesi ya upangaji wa matokeo, baada ya kuwafunga JKT Kanembwa mabao 8 kwa 0, na nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao. Ni haki kulitaja doa hilo, na ni haki pia kutaja walivyojisafisha. Walifika Ligi Kuu msimu wa 2021/22, na chini ya Fred Felix Minziro wakamaliza wa nne, wakapata tiketi ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Na mshambuliaji wao George Mpole akafunga mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga.

Tafadhali msomaji aupe msimu huo uzito wake, maana unaingia moja kwa moja katika hoja. Yanga walitwaa ubingwa wa 2021/22 bila ya kupoteza mchezo, na mfululizo wao wa kutofungwa ukafika michezo 49, hata Ihefu walipoukata kwa mabao 2 kwa 1 huko Mbarali mwezi wa Novemba 2022. Lakini katika ligi ile ile, kiatu cha mfungaji bora kilivaliwa na mtu wa timu ya machimboni, ambayo mji wake ulikuwa haujapata kuonja Ligi Kuu kabla ya hapo. Ubingwa usio na doa uliopatikana mbele ya wapinzani wa namna hiyo ni mzito kuliko ule usio na doa wa zamani zaidi, na ndiyo maana, mbele ya Azam na mbele ya Simba wa 2010, Yanga hii ndiyo inayokuja ya tatu katika hesabu yangu. Geita wenyewe hawakudumu. Mwisho wa msimu wa 2023/24 walishuka daraja pamoja na Mtibwa, bingwa yule wa mara mbili.

Vijana wa Shinyanga na wa Geita hawakubali kwamba Yanga yao iwe ya tatu. Hoja yao ni fainali ya Kombe la Shirikisho ya mwaka 2023, ambapo Yanga walifungwa na USM Alger mabao 2 kwa 1 Dar es Salaam, wakaenda Algeria wakashinda bao 1 kwa 0, jumla zikawa 2 kwa 2, na kombe likabaki Algeria kwa hesabu ya bao la ugenini. Nao huuliza, kwa adabu lakini bila ya kurudi nyuma, ikiwa babu zao wanasema timu iliyotolewa kwa kura mwaka 1969 haikushindwa, kwa nini timu iliyokosa kombe kwa bao la ugenini ihesabiwe imeshindwa. Swali hilo ni la haki, nami nimelikubali kwa sehemu: naiondoa Simba ya 1979 katika nafasi ya pili na kuwaweka hao, kwa sababu fainali ni zaidi ya raundi moja ya ushujaa. Nafasi ya kwanza siigusi. USM Alger walikuwa wageni waliokuja na kuondoka, ilhali Simba ya 1974 iliishi katika mji mmoja na aliyeishinda, ilimjua jina kwa jina na mguu kwa mguu, na mwaka huo huo Afrika nzima ilikuwa inaiogopa.